Kusomea udaktari Liverpool: maswali kutoka Mombasa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza kuhusu Uingereza, na nyingi kati yake zinautaja mji mmoja: Liverpool. Kabla ya kujibu, tutenganishe majina, kwa sababu yakichanganywa pesa hupotea. University of Liverpool ndicho chuo chenye shahada ya udaktari, MBChB, ya miaka 5. Kilianza mwaka 1881 na kikapata hati ya kifalme mwaka 1903. Liverpool School of Tropical Medicine ni taasisi nyingine kabisa, iliyoanzishwa mwaka 1898, na haimfundishi mtu udaktari kuanzia mwanzo. Liverpool John Moores University ina uuguzi na famasia lakini haina shahada ya udaktari. Liverpool Hope nayo haina. Edge Hill inayo tangu mwaka 2020, ila iko mji wa Ormskirk, kaskazini mwa Liverpool.

*Binti yangu alipata A- kwenye KCSE. Kuna wakala hapa mjini ananiambia ataanza udaktari Liverpool mwezi wa Januari, nilipe kwanza ada ya kushikilia nafasi. Nilipe?*
Mama, Kisauni

Hapana, mama. Usilipe.

Udaktari Uingereza huanza Septemba. Vyuo vingi vina kozi za Januari, lakini hizo ni za biashara, kompyuta au afya ya jamii. Mtu anayekuahidi udaktari wa Januari ama haujui utaratibu, ama ana kozi nyingine mkononi ambayo jina lake hajakutajia.

La pili ni KCSE yenyewe. A- ni matokeo mazuri na binti yako ameyatolea jasho. Lakini vyuo vya Uingereza huihesabu KCSE kuwa sawa na mtihani wa huko wa umri wa miaka 16, wala si ule wa mwisho wa sekondari. Udaktari unadai ngazi ya juu yake: A-level, ambako kawaida huombwa AAA pamoja na kemia na baiolojia, au IB, mtaala wa kimataifa wa kumalizia sekondari, yenye kemia na baiolojia katika ngazi ya juu. Hapa Mombasa zipo shule zinazofundisha A-level ya Cambridge, na Aga Khan Academy hufundisha IB. Njia zote mbili huchukua miaka 2. Kwa hiyo swali la kweli mbele yako ni kama familia iko tayari kwa miaka 2 ya shule na kisha 5 ya chuo.

Wakala anaweza kukuuzia njia ya tatu: mwaka mmoja wa matayarisho, halafu udaktari. Kozi za matayarisho zipo na ni halali, lakini shule nyingi za udaktari hazizikubali, na zinazokubali hutaja kozi moja au mbili kwa jina. Usitegemee neno la mdomo. Andika barua pepe kwa ofisi ya udahili ya shule ya udaktari yenyewe, uliza kama kozi fulani, ukiitaja kwa jina kamili, inakubaliwa kwa MBChB, na uhifadhi jibu.

Njia ya nne ndiyo inayotuumiza roho zaidi. Mtoto anaambiwa aanze sayansi ya tiba ya maabara, kisha mwaka wa pili "atahamia" udaktari. Kuhama huko ni nadra mno. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba udaktari upya, lakini anaanza foleni kama wengine, akiwa ameshatumia mamilioni ya shilingi.

Mwambie wakala akuonyeshe jina la chuo kwenye orodha ya baraza la madaktari la Uingereza, GMC, ya vyuo vinavyotoa shahada za udaktari. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya baraza. Na siku ya kulipa ikifika, ada huingia kwenye akaunti ya chuo, kupitia ukurasa wa chuo, kwa namba ya mwanafunzi. Haipiti kwenye simu ya mtu.

*Niko A-level mwaka wa kwanza, nasoma kemia, baiolojia na hesabu. Naomba mnipangie tarehe zote, maana kila mtu ananiambia lake.*
Mwanafunzi, Nyali

Masomo yako yanafaa. Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, na mwisho wa maombi ya udaktari ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia kuanza chuo, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza. Huku kwetu itakuwa saa mbili usiku. Kozi nyingine zina mpaka Januari, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa Kenya hukwama: mwalimu amezoea tarehe ya Januari, barua ya mapendekezo inachelewa, dirisha linafungwa. Mwalimu anayekuandikia apate maelezo yako yote kabla shule haijafunga mwezi wa Agosti, pamoja na alama anazotarajia utapata.

Kwenye fomu unaruhusiwa vyuo 4 tu vya udaktari. Nafasi ya 5 ni ya kozi nyingine. Usiiache tupu, weka kozi ambayo ungeisoma kwa moyo ukikosa udaktari.

Kabla ya Oktoba lazima uwe umefanya UCAT, mtihani wa kuwachuja waombaji wa udaktari. Mtihani huu hufanywa kati ya Julai na mwisho wa Septemba, kwenye kompyuta, katika vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE. Mara moja tu kwa mwaka wa maombi, na matokeo hayavuki kwenda mwaka unaofuata. Jiandikishe mapema, usije ukakuta tarehe zilizobaki zinagongana na mitihani ya shule, na unapochagua kituo hesabu pia nauli na malazi kama kiko nje ya Mombasa. Vitabu vya zamani vina sehemu ya kutambua maumbo, ambayo iliondolewa mwaka 2025. Sasa kuna ufahamu wa maandishi, maswali 44 kwa dakika 22. Kufanya maamuzi, 35 kwa dakika 37. Hesabu, 36 kwa dakika 26. Kisha hali za kikazi na maadili, 69 kwa dakika 26. Sehemu 3 za kwanza hujumlishwa kati ya 900 na 2700. Ya nne hupewa daraja, la 1 likiwa bora.

Kinachowaangusha wetu ni sehemu ya kwanza. Nusu dakika kwa swali, kwa Kiingereza cha magazeti, haimpi mtu nafasi ya kusoma aya nzima kwa utulivu tuliofundishwa. Soma swali kwanza, litafute neno lake ndani ya aya, jibu, songa mbele. Jibu baya halikatwi alama, basi usiache swali wazi. Fanya mazoezi kwenye tovuti ya UCAT yenyewe, ambako ni bure, ukitumia kompyuta yenye kipanya; simu itakudanganya kuhusu kasi yako.

Kwa wanaoanza chuo mwaka 2026 na kuendelea, maelezo binafsi yamegawanywa katika maswali 3: kwa nini unaitaka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nini umefanya nje ya darasa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. Swali la tatu ndilo lenye uzito kwa udaktari. Kama umejitolea kituo cha afya, usiandike kwamba uliwahurumia wagonjwa. Eleza ulichokiona: muuguzi alimwelezaje mama dawa ya mtoto, foleni ilipangwaje, mgonjwa wa sukari alikosea wapi katika kutumia dozi.

Ukivuka hapo kuna mahojiano. Liverpool hutumia mtindo wa vituo vingi vifupi, kila kimoja na mtahini wake na dakika chache tu. Ukiharibu kituo kimoja, kiache mlangoni. Mtahini wa kituo kinachofuata hajui lolote.

Lijue na hili kabla ya kutia moyo wako wote: serikali ya Uingereza huweka kikomo cha nafasi za udaktari, na sehemu ya wanafunzi kutoka nje kwa miaka mingi imewekwa karibu 7.5 kwa kila 100. Wenye alama kamili hukosa kila mwaka. Omba pia hapa nyumbani.

*Nina mabinti wawili wanaotaka udaktari. Mjomba wao yuko Dubai na amesema atasaidia. Gharama halisi ni ngapi, na pesa za mjomba zinakubalika kwenye viza?*
Baba, Changamwe

Tutahesabu pauni moja kwa shilingi 170, nawe urekebishe kwa bei ya siku yako.

Ada kwa mwanafunzi wa nje hutofautiana. Vyuo vingine huanza na takriban pauni 30,000 kwa mwaka na kupandisha miaka ya hospitali. Vingi sasa huvuka 40,000. Pauni 40,000 ni shilingi milioni 6.8, kwa mwaka mmoja, kwa mtoto mmoja. Mkopo wa serikali ya Uingereza hautamgusa mwanafunzi anayetoka Kenya. Na ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao watu huutaja sana hapa, ni wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja tu. Hausomeshi udaktari wa mwanzo.

Viza ya mwanafunzi mwaka 2025 ilikuwa pauni 524. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kwa mkupuo mmoja siku ya kuomba. Viza ya kozi ya miaka 5 huwa na miezi ya ziada mbele na nyuma, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi 6 hulipiwa nusu. Basi weka pauni 4,268, yaani zaidi ya shilingi 725,000. Familia nyingi hujiandaa kwa ada ya chuo na kulisahau hili mpaka dakika ya mwisho.

Kisha kuna pesa za kuonyesha. Tangu Novemba 2025, nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi 9, jumla 10,539, karibu shilingi milioni 1.8. Ongeza salio la ada ya mwaka wa kwanza kama lilivyoandikwa kwenye CAS, ile barua ya chuo inayothibitisha nafasi.

Sasa mjomba. Akaunti yake yeye haikubaliki. Pesa lazima ziwe katika akaunti ya mwanafunzi, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria. Mjomba anaweza kuwatumia, lakini zikishaingia kwako zikae siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki iwe imefungwa ndani ya siku 31 kabla ya kuomba. Ukitumia akaunti yako, ambatisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua yako ya ridhaa. Hati ya shamba, gari, hisa: hivyo havihesabiwi.

Maombi ya watu wenye pesa kamili hukataliwa kwa sababu ndogo sana. Benki imekata ada ya mwezi siku ya 19, salio limeshuka kwa shilingi mia kadhaa, siku 28 zinaanza upya. Au pesa ziko kwa shilingi na shilingi imeteleza. Ofisa hugeuza kwa bei ya OANDA, tovuti ya kubadilishia fedha, ya siku ya maombi. Weka ziada ya asilimia 5 hivi, na akaunti hiyo isitumike kwa karo za wadogo wala matumizi ya nyumbani.

Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa anayetoka Kenya, kwenye kliniki iliyoidhinishwa Nairobi. Cheti hudumu miezi 6. Matokeo ya A-level hutoka katikati ya Agosti na chuo huanza Septemba, kwa hivyo kipimo kifanywe Julai na zile siku 28 ziwe zimetimia kabla ya matokeo.

Maoni yetu, kwa kuwa umeuliza kuhusu watoto wawili: kama pesa hizi zinatoka kwenye ardhi ya familia, wasome MBChB hapa Kenya, na Liverpool iwe ya baadaye. Jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

*Nafanya mwaka wa mafunzo kazini katika hospitali ya umma hapa Pwani. Malaria na kichaa cha mbwa ndivyo vinavyonivutia. Ile shule ya magonjwa ya tropiki ya Liverpool inafaa kwa mtu kama mimi?*
Daktari, Tudor

Inafaa sana, daktari, na hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote.

Shule ile ilizaliwa bandarini. Alfred Lewis Jones, mwenye meli zilizofanya biashara na Afrika Magharibi, alitoa pauni 350 za mwanzo kwa sababu mabaharia na wafanyabiashara walikuwa wakirudi na homa ambazo madaktari wa mjini hawakuzijua. Ronald Ross, aliyethibitisha kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, alikuwa mwalimu wake, na alipata tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wakenya wanalikumbuka jina la Liverpool VCT, shirika la ushauri na upimaji wa VVU. Lilitokana na shule hiyohiyo.

Kozi inayojulikana zaidi kwa daktari aliyesajiliwa ni Diploma ya Tropical Medicine and Hygiene, DTM&H. Ni kozi fupi yenye maabara nyingi: utakaa na hadubini ukitofautisha falsiparum na vaivaksi, aina mbili za vimelea vya malaria, ukihesabu vimelea, ukitambua mayai ya kichocho na minyoo. Mtu wa Pwani atajiona anayajua haya tayari. Ugonjwa wenyewe anaujua. Kinachompunguzia alama ni hadubini, kwa kuwa hospitalini kazi hiyo amezoea kumwachia mtaalamu wa maabara. Kaa naye wiki chache kabla ya kusafiri.

Kabla ya kununua tiketi, jua kwamba DTM&H ipo karibu zaidi. London School of Hygiene & Tropical Medicine huendesha kozi ya Afrika Mashariki kwa kushirikiana na Moshi na Kampala, na mafunzo hufanyika hukohuko, kwenye wodi zenye wagonjwa wenyewe. Kwa anayetaka tiba ya kitandani, sisi tungeiangalia hiyo kwanza. Liverpool ina nguvu zaidi kwa anayelenga utafiti au afya ya umma, kupitia shahada ya uzamili.

Hapo Chevening inaingia. Inahitaji saa 2,800 za kazi baada ya shahada, sawa na miaka 2 hivi, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa miaka 2. Maombi hufunguliwa karibu Agosti na kufungwa mapema Oktoba. DTM&H yenyewe hailipiwi, kwa sababu si shahada ya uzamili. Ufadhili wa Commonwealth nao Wakenya wanaruhusiwa. Una dirisha lake na fomu zake, usiuchanganye na Chevening.

*Nilisoma diploma ya uuguzi, KRCHN, pale KMTC na nina leseni. Lazima nisome uuguzi upya Liverpool ili nifanye kazi Uingereza?*
Muuguzi, Likoni

La, dadangu. Shahada ya uuguzi ya huko ni ya miaka 3, na mwanafunzi huchagua tawi tangu mwanzo: watu wazima, watoto, afya ya akili, au ulemavu wa kujifunza. Ni ya anayeanza. Wewe umeshasajiliwa, basi njia yako ni baraza la wauguzi la Uingereza, NMC: uthibitisho wa sifa zako, mtihani wa kompyuta, kisha OSCE, mtihani wa vitendo huko Uingereza, unaogharimu karibu pauni 800. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, alama ni 7.0 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kenya iko kwenye orodha ya Uingereza ya nchi ambazo wakala binafsi haruhusiwi kukuajiri nje ya mpango wa serikali hizi mbili. Kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja kunaruhusiwa.

*Nimepata nafasi ya mwaka huu, alhamdulillahi. Hijabu na mikono mirefu itakuwaje wodini? Na msikiti upo karibu?*
Binti, Mji wa Kale

Hongera sana, mwanetu. Hijabu haina tatizo wodini. Iwe safi, imefungwa isining'inie. Chumba cha upasuaji hutaka ya kutumika mara moja na kutupwa. Uliza mapema kama hospitali unayopangiwa inazo. Mikono ndiyo yenye kanuni: unapomgusa mgonjwa, chini ya kiwiko kuwe wazi ili kunawa kuwe kamili. Saa na bangili huvuliwa. Pete laini isiyo na jiwe huachwa. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, unaruhusu vifuniko vya mikono vya kutupwa vyenye mpira kwenye kifundo, vinavyobadilishwa kila mgonjwa pamoja na glavu. Mwandikie mratibu wa mafunzo kabla ya zamu ya kwanza, usingoje kuambiwa mbele ya wagonjwa.

Msikiti upo, na una historia. Ule wa Abdullah Quilliam, Brougham Terrace, ulianza mwaka 1889 na unahesabiwa kuwa wa kwanza Uingereza. Kuhusu saumu, miaka yako 5 itaangukia Ramadhani za majira ya baridi, mchana ukiwa mfupi. Katikati ya Desemba magharibi ya Liverpool huingia kabla ya saa kumi na dakika tano jioni. Beba tende kwenye mfuko wa koti, maana futari itakukuta wodini.

Chagua chumba kwa kuangalia usafiri. Hospitali za mafunzo zimetawanyika: Royal Liverpool iko katikati ya mji, Aintree kaskazini, Alder Hey ya watoto iko mashariki, na Arrowe Park iko Wirral, ng'ambo ya mto kama Likoni ilivyo kwa kisiwani, ila huko treni hupita chini ya maji.

*Chuo kimenitumia fomu ya afya na kuomba cheti cha polisi. Nina homa ya ini aina B tangu utotoni. Nimekwisha?*
Msomaji, Bamburi

Hujakwisha. Mwenye homa ya ini aina B anaweza kusoma na kuhitimu udaktari. Kitakachozuiwa, kwa kutegemea kiwango cha virusi katika damu, ni kazi ambazo mikono ya daktari iko ndani ya mwili pamoja na ncha kali, na kizuizi hicho huangaliwa upya ukiwa kwenye dawa na chini ya uangalizi. Mwanafunzi halazimiki kufanya kazi hizo ili ahitimu. Jaza fomu kwa ukweli. Siri yako hukaa kwa kitengo cha afya kazini, haiendi kwa walimu. Ukificha na ikajulikana baadaye, kosa litakuwa la uaminifu, na hilo baraza la madaktari hulichukulia kwa uzito kuliko ugonjwa.

Nenda na vipimo vya karibuni: wingi wa virusi, hali ya ini, na majina ya dawa kama unazitumia. Kwa wasio na ugonjwa, chanjo yake ni dozi 3 kwa miezi 0, 1 na 6, kwa hivyo anayeianza Julai hatakuwa ameimaliza Septemba. Aanze mapema mwanzoni mwa mwaka wa kuingia chuo, hata kabla ya jibu la chuo. Utaulizwa pia dozi 2 za surua, matumbwitumbwi na rubela, na tetekuwanga. Kadi ya kliniki ya utotoni ikipatikana huokoa sindano na pesa. Kama imepotea, kipimo cha damu cha kinga hukubaliwa.

Cheti cha polisi ni kile cha tabia njema kutoka DCI. Jaza eCitizen, lipa shilingi 1,050, chapisha fomu ya alama za vidole pande mbili za karatasi moja, kisha uende Huduma Centre na kitambulisho asilia. Wanaorudishwa nyumbani mara nyingi ni waliochapisha kwenye karatasi mbili.